Kukasimu Mpira wa Kulishia Shuleni

Wauguzi wenzangu, matroni, na nyinyi wasaidizi wa darasa mliojibanza nyuma: nyinyi ndio niliowajia.

Narudia lile lile kuhusu kumlisha mtoto kwa mpira unaoingia tumboni kupitia tundu kwenye ngozi. Toeni kile kijiti cha kusukumia kwenye sirinji ya mililita 60. Kiwekeni mezani, kikae huko. Mwinue mtoto kichwa na kifua, nyuzi 30 hadi 45. Bana mpira, chomeka sirinji, mimina maji safi vuguvugu kwa kiasi kilichoandikwa kwenye kadi yake, halafu chakula. Achilia. Kinashuka chenyewe. Kikienda kasi, shusha sirinji. Kikisuasua, ipandishe kidogo. Ongeza chakula kabla sirinji haijawa tupu, hewa isiingie tumboni. Malizia na maji, mpira usizibe.

Mtaniambia kengele imelia na uji wa wimbi hauteremki. Kwanza, nani aliuandika uji wa jikoni kwenye kadi ya huyu mtoto? Pili, kengele ingoje. Wenzake wanaokula kwa kijiko mnawapa nusu saa. Huyu mnataka amalize kwa dakika tatu? Ukimsukumia chakula, tumbo linajaa ghafla, anatapika, na matapishi yakiingia mapafuni umemletea nimonia. Hata akishiba salama, usimlaze chali. Akae wima angalau dakika 30.

Sasa wauguzi. Mnakasimu, yaani mnamwachia msaidizi, kazi ya mikono tu. Mtoto aliyeamka akitapika, au tumbo limevimba, alishwe au asilishwe? Hilo ni lako, haliachiwi msaidizi. Na aliyefunzwa kumlisha mtoto wa Gredi ya 3 hajafunzwa kumlisha wa Gredi ya 5. Msaidizi asaini kuwa amefunzwa baada ya kulisha mwenyewe mbele yako mara kadhaa, si baada ya kukutazama. Leseni ya Baraza la Wauguzi ina jina lako, haina lake.

Mpira wa puani, unaopita puani hadi tumboni, ni habari nyingine. Kupuliza hewa na kusikiliza tumbo hakuthibitishi chochote. Vuta majimaji ya tumbo, upime pH, kipimo cha asidi: iwe 5.5 au chini. Imezidi? Usilishe.

Wa tumboni ukichomoka, msaidizi asiurudishe. Afunike kwa shashi safi, ampigie muuguzi na mzazi papo hapo. Tundu huanza kuziba ndani ya saa chache, na foleni ya Thika Road mnaijua.

Dawa... naona mwenyekiti anatazama saa. Moja moja, maji katikati, msizichanganye na chakula. Sirinji ziko hapa mbele, na ndoo ya maji. Walio nyuma waanze.