Namna ya kuondoa kalibreta yenye lebo isiyo sahihi

Karibuni, ndugu watazamaji. Tumo katika karakana yetu hapa Industrial Area, Nairobi, ambako ninauza na kuhudumia mashine za kupima damu, na leo nitawaonyesha la kufanya mtengenezaji anapotangaza kwamba toleo fulani (yaani chupa zilizotengenezwa pamoja) la kalibreta ya glukosi, kile kimiminika chenye kiwango cha sukari kinachojulikana ambacho mashine hufundishwa nacho kupima, limebandikwa lebo isiyo sahihi.

Soma ilani yote, kisha simamisha vipimo vya glukosi. Sasa toa kwenye friji, ile ya nyuzi 2 hadi 8, chupa zote za kalibreta, ulinganishe nambari ya toleo na ile ya ilani. Soma nambari iliyo kwenye chupa, si kwenye boksi, kwa sababu chupa iliyobaki mara nyingi huhamishiwa boksi jipya ili kuokoa nafasi. Samahani, kamera haioni kitu, chupa imeshika umande. Tuipanguse polepole kwa kitambaa kikavu, kwani wino ukifutika ushahidi umekwenda nao. Haya, inasomeka. Narudia: chupa, si boksi.

Zile zenye nambari ya ilani zitie zote katika mfuko mmoja, andika USITUMIE (mimi hupendelea wino mwekundu, usiokosa kumkera mtu), uzirudishe kwenye rafu ya peke yake. Usizitupe mpaka muuzaji akuagize.

Wengi huishia hapo, ilhali mashine bado inatumia kalibresheni ya chupa ile. Tuseme lebo ilitaja milimoli 10 kwa lita na kilichomo ni 8: mashine imefundishwa kuiita 8 kuwa 10, kwa hiyo mgonjwa mwenye 5.6 ataandikiwa 7.0, ambacho ndicho kiwango cha kutambulia kisukari kwa mtu aliyefunga kula. Basi ingia kwenye menyu, batilisha kalibresheni hiyo, weka toleo salama, usome msimbopau kwa mashine badala ya kuandika thamani kwa mkono, kisha upime sampuli za udhibiti wa ubora, ambazo majibu yake yanajulikana tayari, za kiwango cha chini na cha juu. Zote mbili zikikubali, wagonjwa waendelee. Na toleo hilo salama ulithibitishe wapi? Kwenye chupa.

Sasa tafuta katika kumbukumbu siku toleo lenye kasoro lilipoanza kutumika, uchapishe majibu yote ya glukosi tangu siku hiyo, na umkabidhi mkuu wa maabara ili awajulishe madaktari. Mirija ya zamani ambayo damu yake haikutenganishwa haifai kupimwa tena, kwa sababu chembe za damu huendelea kula glukosi na jibu litashuka lenyewe. Mgonjwa atolewe damu upya.

Mwisho, jaza fomu ya muuzaji, uambatishe picha za lebo, na utoe taarifa kwa Bodi ya Dawa na Sumu. Pale panapoulizwa idadi ya chupa zilizotumika, andika hata kama ni sifuri, kwa sababu nafasi tupu itakuletea simu.