Kana au masikio ya tembo? Jinsi ya kuchagua na kupanda majani marefu ya kuficha ukuta

Habari zenu watazamaji, karibuni tena bustanini. Leo nipo Tabata, Dar es Salaam, uani kwa mama aliyeniita kwa sababu moja tu: amechoka kuangalia ukuta. Ni huu hapa nyuma yangu, tofali za saruji, kimo mita mbili, umenyooka kutoka getini mpaka chini ya ule mwembe. Anataka majani marefu ya kuuficha. Maua yakija ni heri, lakini anachotaka ni majani. Na swali alilonipigia simu nalo ndilo mnaloniuliza kila wiki: nipande kana au masikio ya tembo?

Miche yote miwili ipo hapa chini, tuiangalie kwanza kwa karibu.

Hii ni kana. Asili yake ni Amerika ya joto, lakini huku kwetu imekaa muda mrefu kiasi kwamba wengi wameikuta kwa bibi zao. Tazama jani jipya linavyotoka: limejiviringa kama karatasi ya mwalimu, halafu linafunguka taratibu. Jani likishafunguka lina mshipa mmoja mnene katikati, na mingine midogo inayokwenda pembeni kama ya mgomba. Zipo za kijani, zipo za rangi ya damu ya mzee, na hii niliyoshika yenye mistari ya njano inaitwa Pretoria, ingawa wauzaji wengine wanaiita Bengal Tiger. Mbegu zake ni nyeusi, za mviringo, ngumu kama risasi, na watu huzitoboa wakatungia tasbihi. Ikishiba, kana inafika mita moja na nusu, hata mbili.

Na haya ni masikio ya tembo, jamii ya Alocasia, ndugu wa magimbi tunayokula. Shina nene, vikonyo virefu, yaani vijiti vinavyobeba majani, na jani moja likikomaa linaweza kufika urefu wa mita nzima. Mmea wenyewe unapita kimo cha mtu. Nawaomba mwangalie kitu kimoja hapa, kwa sababu kuna watu wameumia kwa kutokujua. Jani la masikio ya tembo ncha yake inaelekea juu au pembeni, linang'aa, na kikonyo kimeshika pale jani lilipochanika. Jani la gimbi la kula linainamisha ncha chini, kikonyo kimeshika ndani zaidi, kama kimechoma tumbo la jani, na ukilimwagia maji yanateleza juu yake kama shanga. Ukiona umechanganyikiwa, usipike. Bustani ya mapambo si shamba la chakula.

Haya, hatua ya kwanza. Na hatua hii haihitaji jembe. Chukua kiti, kaa uani siku ya mapumziko, uangalie jua linapita wapi. Nasema hivi kwa uchungu, kwa sababu miaka michache iliyopita nilipanda masikio ya tembo kumi na mawili kwenye ukuta uliotazama magharibi bila kuangalia jua. Yalikuwa mazuri asubuhi niliyoondoka. Baada ya wiki nikarudi, nikakuta kila jani lina mabaka ya kahawia katikati, makavu, ukiyagusa yanavunjika kama chapati iliyoungua. Jua la saa 8 mchana lilikuwa linawapiga mbele, na joto la saruji linawapiga mgongoni. Niliyang'oa yote kwa gharama yangu nikayahamishia kivulini.

Basi kumbuka hivi. Kana inataka jua, saa sita kwa siku au zaidi. Ukiiweka kivulini haifi, ila inarefuka kwa unyonge, inalala, na zile za rangi zinafifia. Masikio ya tembo yanataka jua la asubuhi na kivuli cha mchana, au mwanga unaochujwa na matawi. Ukuta wa mama huyu, kuanzia getini mpaka karibu na tangi la maji, unapigwa jua toka saa 6 mchana mpaka jioni. Huko ni kana. Chini ya mwembe ni masikio ya tembo. Mwenyewe alitaka masikio ya tembo yaanzie getini, kwa sababu mgeni akiingia ayaone, nikamwambia hapana, na ninashukuru amenisikiliza.

Hatua ya pili, maji. Chimba shimo la kina cha sentimita 30, mwaga ndoo ya lita 20, angalia. Udongo wa Dar sehemu nyingi ni mchanga, maji yanapotea kabla hujageuka. Hapa yamechukua dakika tatu. Yote mawili yanapenda unyevu, lakini hayalingani. Kana inavumilia hata mahali maji yanaposimama, ndiyo maana inapandwa kwenye mabwawa ya kuchujia maji machafu, na ndiyo maana mimi naipenda pale maji ya kufulia yanapopita. Masikio ya tembo yanataka udongo wenye unyevu ambao maji hayatuami, yakituama tunguu, yaani shina nene la chini ya udongo, linaoza. Kwa mchanga kama huu, changanya samadi iliyooza vizuri, ndoo moja kwa kila shimo, isiwe na moto wala harufu kali. Samadi mbichi itaunguza mizizi.

Sasa tunapanda kana. Sogeza kamera hapa. Hili ni tunguu lake, linafanana na tangawizi kubwa. Mtu akikuuzia shina moja usiondoke bila kuangalia chini, kwa sababu unachonunua hasa ni hiki. Tafuta haya macho meupe yenye ncha ya waridi. Chukua kisu kikali, kifute kwa spiriti, kata vipande, kila kipande kiwe na macho mawili au matatu. Sikia mlio wake, unakata kama kiazi kibichi. Ndani pawe peupe. Ukiona mstari wa kahawia au panateleza, tupa. Acha vidonda vikauke kivulini siku moja.

Halafu angalia majani ya mmea mama kabla hujagawa. Ukiona michirizi ya njano iliyokatika katika kufuata mishipa, na jani limejikunja vibaya, hiyo ni batobato, ugonjwa wa virusi. Hauna dawa. Ukigawa tunguu lile, unagawa ugonjwa mtaa mzima. Ng'oa, choma, na kisu ukioshe. Usichanganye na mistari ya Pretoria, ile imenyooka na iko sawasawa jani zima.

Tunguu lilale, macho juu, lifunikwe na udongo wa sentimita 7 hivi. Toka shimo mpaka shimo sentimita 50. Toka ukutani pia sentimita 50, ili uweze kupita nyuma kusafisha.

Masikio ya tembo. Kabla sijagusa, navaa glavu na shati la mikono mirefu. Utomvu wake una fuwele ndogo sana zenye ncha kama sindano. Ukikupata kwenye ngozi unawasha, ukiingia machoni ni shida kubwa, na mtoto au mbwa akitafuna jani, mdomo na koo vinavimba. Ikitokea, mwoshe mdomo kwa maji, mpeleke hospitali mara moja. Nyumba yenye mtoto anayetambaa, mimi sipandi masikio ya tembo pale anapofika. Napanda kana, ambayo haina sumu hiyo.

Chipukizi la pembeni ndilo la kupanda. Chimba taratibu kati yake na mama, ukate kwa panga likiwa na mizizi yake. Punguza majani, bakiza moja au mawili, maana mizizi michache haiwezi kunywesha majani manne. Panda kwa kina kilekile lilichokuwa nacho, na uache nafasi ya mita moja au zaidi. Najua pataonekana patupu. Usijaze. Weka matandazo, nyasi kavu au majani ya huo mwembe, lakini yasikumbatie shina.

Tumewahi wiki ya kwanza ya Oktoba, vuli inakaribia, kwa hiyo mwagilia kila jioni mpaka mvua ikamate. Ukikosa vuli, subiri masika.

Kutunza, kana inahitaji mkono zaidi. Shina likishamaliza kutoa maua halitoi tena, likate mpaka chini, mapya yanasukuma. Kila baada ya miaka miwili au mitatu zinabanana, utachimba na kugawa. Viwavi hujificha ndani ya jani lililojiviringa, fungua uwaponde kwa vidole asubuhi. Masikio ya tembo unaondoa jani la chini linapokuwa njano, basi. Kiangazi angalia mgongo wa jani, ukiona vumbi jekundu linalotembea ni utitiri, piga maji ya bomba kwa nguvu siku tatu mfululizo.

Na jambo la mbu, kwa sababu Dar tumeshaona dengue, 2014 na tena 2019. Kwapa la jani, hapa kikonyo kinapokumbatia shina, linashika maji, na mbu wa jamii ya Aedes hutaga kwenye maji ya namna hii, kwenye magimbi na hata migomba. Kwa hiyo usipande chini ya dirisha la chumba cha kulala, na kila wiki pitisha mpira wa maji kwapa kwa kwapa, uyasukume yale ya zamani yatoke.

Nitarudi hapa Tabata masika yakianza, niwaonyeshe ukuta umefichika kiasi gani. Mama ameomba nije mapema, kabla ya saa 1 asubuhi, kwa sababu alfajiri ncha za masikio ya tembo zinadondosha matone yake zenyewe, hata usiku usio na mvua, ni maji ambayo mizizi imesukuma juu yakakosa pa kwenda. Ameyaona kwa jirani, anataka tuyapige picha kwake.