Kuku wa Kienyeji na Matuta ya Mboga: Mhadhara kwa Wakulima wa Kisauni

Wazee wetu, akina mama na vijana mliohudhuria, asalaam aleikum. Nimeombwa nizungumze juu ya jambo ambalo limewagombanisha majirani wengi hapa Kisauni, na hata kule Likoni na Jomvu, nalo ni kuku wanaozurura mchana kutwa na kuingia katika matuta ya mboga. Rai yangu naitaja mapema: kinachopaswa kuzungushiwa ua ni tuta, si kuku, na kuku naye atengewe udongo wake mwenyewe, ulio mzuri kuliko ule wa tuta. Atakayefanya la kwanza akaliacha la pili atakuwa akitengeneza ua wake kila wiki.

Tuanze na kuku mwenyewe. Asili yake ni kuku-mwitu mwekundu wa misitu ya Asia ya Kusini Mashariki, ndege anayetafuta riziki yake chini ya majani makavu. Mwaka 1989 mtafiti Marian Stamp Dawkins wa Uingereza alichapisha matokeo ya kuwachunguza kuku-mwitu hao, naye aliwakuta majike wakidonoa ardhi katika takriban asilimia 60 ya dakika alizowatazama, na wakichakura katika takriban asilimia 34. Kuku wetu wamerithi tabia hiyo, na ndiyo sababu ushauri tunaousikia mara kwa mara, kwamba ukimshibisha kuku atatulia, hauna msingi. Kuku aliyeshiba mahindi huchakura vilevile.

Sasa litazameni tuta lililopandwa mchicha jana jioni. Udongo umelainishwa kwa jembe, umetiwa samadi na kunyweshwa maji, kwa hivyo minyoo na wadudu wadogo wamepanda juu, na chini yake kuna ubaridi ambao kuku, kwa kuwa hatoki jasho, huutafuta sana katika joto la Februari na Machi. Kuku akifika hapo hupiga mguu mmoja, akapiga wa pili, akarudi nyuma hatua moja, akainamisha kichwa na kuangalia kwa jicho moja kilichofichuka, kisha akadonoa. Mbegu ya mchicha ni ndogo kuliko punje ya ufuta, na kwa kila mpigo wa mguu huzikwa kina ambacho haiwezi kuota, au hurushwa nje ya tuta pamoja na mchanga. Hasara kubwa, basi, huletwa na miguu kabla ya mdomo, na hutokea katika wiki za mwanzo, kabla mizizi haijashika. Jambo hilo linatupunguzia kazi, kwa maana ulinzi mkali hauhitajiki mwaka mzima.

Kwa wiki hizo za mwanzo, njia ninayoipendelea ni kuulaza waya wa kuku juu ya tuta lenyewe mara tu baada ya kupanda, na kuukandamiza pembezoni kwa mawe. Miche hupenya katika matundu, ilhali kuku hupoteza hamu ya mahali ambapo mguu wake haupati udongo. Waya huo uondolewe mapema, kabla mashina hayajanenepa, la sivyo utaing'oa miche unapouinua. Asiye na waya atumie matawi ya mkunazi au ya mdimu, yatandazwe juu ya tuta miiba ikiwa imeelekea kila upande. Mabamia, mabiringani na pilipili zikishafika magotini huhitaji ulinzi wa shina tu, na kwa hilo makumbi ya nazi yanatosha: yapangwe kuzunguka shina yakiwa yamebanana. Pamoja na kumzuia kuku, hutunza unyevu, jambo lenye faida kubwa katika mchanga wetu wa pwani usiokaa na maji.

Anayetaka ua wa kudumu azingatie mambo ambayo aghalabu husahauliwa. Kuku wa kienyeji ni mwepesi, na ua wa mita moja kwake ni kibaraza cha kutua. Hutazama kwanza pa kukanyaga, kisha huruka, kwa hivyo ua wenye mti au ubao uliolazwa juu humkaribisha, lakini wavu ulioachwa sehemu ya juu bila kitu kigumu humtia shaka. Vilevile kuku husita kujitupa mahali finyu, na tuta lenye upana wa mita moja, lililozungushiwa wavu wa mita moja na nusu, hulindika kwa urahisi kuliko uwanja mpana wenye ua wa kimo hichohicho. Sehemu ya chini iwe na matundu yasiyozidi inchi moja, maana vifaranga hupita katika matundu ya inchi mbili na mama yao hubaki nje akiutikisa ua kwa hasira. Pale ambapo ardhi ni mwamba wa matumbawe na nguzo haziingii sana, ukunje wavu kuelekea nje kwa kiasi cha futi moja, uulaze na kuupangia mawe juu. Nyavu kuukuu za wavuvi zinafaa na ni rahisi kupatikana, lakini zivutwe zikaze, kwa sababu wavu uliolegea hunasa mbawa na miguu, na nisingependa kuona kiumbe akifa kwa namna hiyo. Makumba, yaani majani ya mnazi, yaliyosukwa vizuri nayo hufanya ua mzuri, ingawa huoza upesi baada ya masika.

Wengi huuliza kuhusu kumwaga unga wa pilipili kuzunguka tuta. Msipoteze fedha zenu. Kapsaisini, yaani kile kinachowasha katika pilipili, hakimsumbui kuku. Mwaka 2002 watafiti Sven-Eric Jordt na David Julius, huyo wa pili akiwa ndiye aliyepewa pamoja na Ardem Patapoutian Tuzo ya Nobel ya mwaka 2021, walionyesha kwamba kipokezi cha kuku, yaani sehemu ya neva inayohisi joto, hakiitikii kapsaisini kama kinavyoitikia chetu. Ndiyo maana kuku huila pilipili mbivu shambani bila ya kushtuka.

Kukata manyoya ya bawa moja humzuia kuku kuruka, na hakumuumizi iwapo manyoya yamekomaa na hayana damu ndani ya mirija yake, ingawa huota tena baada ya kupukutika. Hata hivyo mimi sishauri kwa kuku wanaotembea huru mitaani, maana mbwa na nguchiro wapo, na bawa ndilo humwokoa.

Niseme kwa kirefu kidogo juu ya udongo wa kuku, kwa sababu ndio unaopuuzwa. Kuku huoga mchanga ili kusafisha manyoya yake na kupunguza chawa na utitiri, na asipopata pengine atachimba shimo katikati ya sukuma wiki. Mchimbieni mahali pake chini ya mwembe au upenuni, pajazwe mchanga mkavu uliochanganywa na majivu ya jikoni, kina cha futi moja hivi. Wakati wa masika pafunikwe kwa makuti, kwani mvua za Aprili na Mei huloweka kila kitu, na tuta lililo chini ya kivuli huwa ndipo mahali pekee penye nafuu. Kuku mwenye vifaranga ana sababu nyingine: anawaogopea kunguru na mwewe, na majani mapana ya mabiringani ni maficho. Egemezeni makumba mawili ukutani, karibu na maji ya kunywa, naye atahamia huko.

Maji ya tuta yamwagwe jioni, kuku wakikaribia kulala, na wanaoweza kuwafungulia alasiri badala ya asubuhi wafanye hivyo katika wiki za upandaji. Kwa kuku wa jirani, zungumzeni saa hizo za kufungulia, na mwenye bustani achangie waya badala ya kudai kila kitu kwa mwenye kuku. Kutega sumu ni dhuluma. Mtoto anayechezea uani ndiye anayeweza kuiokota.

Baada ya mavuno, waacheni kuku waingie. Watakula viwavi na konokono, na kinyesi chao kina nitrojeni nyingi. Lakini kinyesi kibichi huunguza mizizi na huweza kubeba vijidudu vya salmonela. Kanuni za kilimo hai za Marekani hutaka zipite siku 120 tangu samadi mbichi kutiwa hadi kuvuna zao linalogusa udongo, na siku 90 kwa lisilogusa. Kwa dania na nyanya za kachumbari, zinazoliwa bila kupikwa, nawasihi mfuate kipimo hicho, au samadi iozeshwe kwanza pembeni. Tuta ambalo kuku wamelitembelea mwezi wa Julai litakuwa tayari kwa dania ya mvua za vuli, iwapo ua umerudishwa kabla ya Agosti.