Mkebe Ndani ya Mkebe

(Mhadhara uliotolewa katika Ngome ya Lamu, baada ya alasiri)

Assalamu alaykum. Wazee wangu, mama zetu mliokaa kule nyuma, mafundi mliotoka Matondoni, na nyinyi vijana wa ufundi, karibuni. Nimeambiwa nimalize kabla ya magharibi, kwa hivyo sitazunguka: leo nawaeleza hovakrafti, chombo kinachokwenda juu ya tabaka la hewa bila kugusa maji. Mezani hapa mna mizani ya duka, mkebe wa kahawa, mkebe mdogo wa tomato, na draya niliyoazima saluni. Tuombe stima isikatike.

Nianze kwa swali. Fundi akimaliza kukalafati chombo, yaani kuziba mianya ya mbao, mbona anakipaka deheni, ile dawa ya mafuta ya kupaka chini? Wadudu wa mbao, nasikia mzee amesema. Ni kweli. Na makombe yaliyoganda chini, mbona nahodha hakubali kuingia mashindanoni mpaka yakwanguliwe yote? Hapo sasa jibu si wadudu. Ni kwamba maji hushika. Chombo kikienda, maji yanakivuta nyuma kwa kila shibiri ya ubao iliyolowa, na kadiri unavyokimbia ndivyo yanavyozidi kuvuta. Waamu wamepigana na mikono hiyo ya maji tangu zama za mitepe, vile vyombo vya kale vya mbao zilizoshonwa kwa kamba.

Mtu aliyeivumbua hovakrafti alijiuliza swali hilo hilo. Jina lake Christopher Cockerell, Mwingereza, aliyezaliwa Cambridge mwaka 1910. Baba yake alikuwa msimamizi wa jumba la makumbusho, mtu wa vitabu na michoro, na nyumba yao haikukaukiwa wageni wenye majina. Mtoto hakuwajali. Inasimuliwa kwamba T. E. Lawrence, yule wa vita vya Arabuni, alipokuja, kilichomvuta kijana ni pikipiki ya mgeni. Cherehani ya mama yake aliifungia injini ya mvuke. Baba hakufurahi, alimwona mwanawe hana tofauti na mtu wa gereji. Mimi niliyekula riziki yangu miaka yote kwa kufungua injini za mashua, mnajua nimemsimamia nani katika ugomvi huo.

Alisomea uhandisi, akaingia kampuni ya Marconi mwaka 1935, na huko akakaa kama miaka 15 akitengeneza vyombo vya redio. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, vya kutambua mawimbi ya adui yanatoka upande gani. Kwa jina lake ziliandikishwa hataza 36, yaani hati za kumiliki uvumbuzi. Hizo ni zaidi ya uvumbuzi wa watu wengi wenye sanamu mjini, lakini zilikuwa mali ya mwajiri. Basi akaacha kazi, na kwa fedha za urithi wa upande wa mkewe wakanunua karakana ndogo ya mashua, mashariki mwa Uingereza, kwenye nchi ya mito na maziwa. Mhandisi wa redio akawa mwenye mashua za kukodisha. Na mashua zake zilikuwa nzito, na maji yakazishika, kama yanavyozishika zenu.

Wazo la kwanza halikuwa geni. Mjenzi wa meli aitwaye Thornycroft alikwisha kulifikiria miaka ya 1870: pitisha hewa chini ya chombo, maji yashike hewa badala ya kushika ubao. Ni deheni ya upepo. Cockerell alijaribu, na akaona mapovu hayakai, yanachomoka pembeni. Tena hewa nyembamba haifai kitu, kwa sababu wimbi dogo tu likija linaigusa mbao, na mmerudi mlikotoka. Hewa lazima iwe nene kuliko wimbi. Lakini hewa nene unaizuia vipi isikimbie?

Hapa ndipo ilipokuja mikebe. Mwanangu, washa hiyo draya. Tazameni: kwanza nimeondoa mkebe mdogo. Upepo unaingia mkebe mkubwa, unashuka moja kwa moja, unagonga sahani ya mizani. Mwenye macho mazuri asome sindano. Haya. Sasa natia mkebe wa tomato ndani ya mkebe wa kahawa, kitako chini, ili upepo usipite katikati. Upite kwenye upenyo mwembamba tu baina ya mikebe miwili. Draya ni ile ile, haikuongezwa nguvu. Soma tena. Eeh! Sindano imesogea zaidi. Nasikia minong'ono.

Yeye alifanya hivyo kwa mkebe wa chakula cha paka ndani ya mkebe wa kahawa, juu ya mizani ya jikoni. Upepo ukitoka kwa umbo la pete hujenga pazia pande zote, na hewa iliyo ndani ya pazia haina pa kutokea. Inabanwa, inasukuma juu. Na haihitaji kubanwa sana, hilo ndilo jambo la kushangaza. Chombo chake cha kwanza kikubwa kilikuwa na uzito wa tani nne hivi, na tumbo la mita tisa kwa saba. Gawanyeni wenyewe: kila sentimita ya mraba inabeba kama gramu sita. Gurudumu la pikipiki hapo Mokowe lina mbano wa kilo mbili kwa sentimita hiyo hiyo. Wingi wa eneo ndio unaobeba mzigo, si ukali wa upepo.

Aliandikisha hataza Desemba 1955, akatengeneza kielelezo cha mbao nyepesi, akakizungusha juu ya mazulia ya maofisa. Jeshi la wanamaji likasema hii ni ndege. Jeshi la anga likasema hiki ni chombo cha majini. Jeshi la nchi kavu halikuona faida. Kama popo siku ya vita vya ndege na wanyama, kila upande ukamkana. Na baada ya kumkana wakamfanya siri ya taifa! Hakuweza kuuza wala kutangaza mpaka mwaka 1958, siri ilipoondolewa na shirika la serikali la kuendeleza uvumbuzi likatoa fedha. Fundi wa pwani anakijua kisa cha namna hii bila kusimuliwa.

Kampuni ya Saunders-Roe, ya kisiwa cha Wight, ikaunda chombo, wakakiita SR.N1. Kilionyeshwa watu Juni 1959. Tarehe 25 Julai mwaka huo kikavuka kutoka Calais, Ufaransa, hadi Dover, Uingereza, kwa muda wa saa mbili na ushei. Cockerell alikuwemo. Mnajua alikuwa nani humo? Nahodha alikuwa mwingine, na mashine alishika mwingine. Yeye, mvumbuzi, alikuwa mzigo. Alikaa nje upande wa omo, yaani mbele, akisogea huku na huku ili chombo kisiinamie vibaya. Wale vijana wetu wanaokaa juu ya ubao uliotokeza ubavuni mwa mashua siku za Maulidi, tanga likivuta nao wakirudi nyuma juu ya maji, ndio wenzake hasa. Alikuwa na umri wa miaka 49.

Lakini SR.N1 ilielea shibiri moja tu hivi juu ya maji, na wimbi la kawaida liliipiga. Dawa ilikuwa sketi: mpira unaoning'inia pande zote na kuizuia hewa. Hiyo si kazi ya Cockerell. Ni ya mhandisi mwingine, Latimer-Needham. Nalitaja kwa makusudi, maana watu hupenda kumpa mmoja sifa zote. Kwa sketi ndipo hovakrafti ikawa chombo cha kazi. Mwaka 1968 zikaanza zile kubwa za kupakia magari, na ziliendelea kuvuka mlango ule wa bahari hadi mwaka 2000. Mwaka 1969 moja ilitoka Senegali ikapita mito ya Afrika, juu ya maji na juu ya mchanga pia.

Naona mkono wa kijana umeinuka, na swali nalijua: basi tulete moja hapa, ipite mkondo wa Mkanda hata maji yakipwa, ifike Siyu bila kungoja bamvua, yale maji makuu. Topeni itapita, sikatai. Lakini mikoko je? Vile vijiti vinavyochomoza topeni vitaichana sketi siku ya kwanza, na matumbawe yatamaliza iliyosalia. Tena chombo kisichogusa maji hakina mkuku, ule ubao mrefu wa chini unaokishika majini. Upepo wa kusi ukikipiga ubavuni kinakwenda nao. Na kelele! Petroli inawaka hata kikisimama, maana kuelea kwenyewe ni gharama. Mashua ikizimika injini, inaelea. Mimi nisingeinunua. Ningeinunua mikebe.

Mwenyewe alijiuzulu katika kampuni ya hovakrafti mwaka 1966, baada ya mabishano na wakubwa. Miaka ya 1970, mtu aliyemaliza ujana wake kuyakimbia mawimbi akageuka kuyatafuta. Alibuni chelezo za kuzalisha umeme: maboya mapana yaliyofungamanishwa kwa bawaba. Nendeni gatini jioni hii mkaangalie mashua zilizofungwa ubavu kwa ubavu. Moja ikipanda nyingine inashuka, na kamba baina yao inalia. Kule kwenye kulia ndiko alikotia pampu. Bawaba ikikunja na kukunjua, pampu inasukuma mafuta, mafuta yanazungusha jenereta. Kielelezo cha sehemu moja ya kumi kilijaribiwa baharini mwaka 1978, kwenye mkondo wa Solent, kikafanya kazi. Kisha serikali ikapunguza fedha za nishati ya mawimbi, na chelezo hazikuundwa kwa ukubwa wake. Alifariki Juni 1999.

Mafundi, mizani iko hapa. Mwenye kutaka kujaribu upenyo mpana au mwembamba zaidi aje, mikebe ninayo mingine kwenye kikapu. Ila fanyeni haraka. Draya ni ya watu, na kesho kuna harusi.