Gari yako ya zamani isiishie juu ya mawe: jinsi ya kuitunza hamu

Haya wadau, karibuni tena gereji. Leo sichomelei bodi wala sipigi rangi, leo tunaongelea ule ugonjwa unaotukamata karibu wote wenye magari ya zamani, yaani unanunua mkweche wako kwa moto kweli kweli, usiku hulali unawaza kabureta, unawaonyesha picha hata watu ambao hawajauliza, afu muda unaenda, turubai linashika vumbi, unafika mahali ukipita pembeni ya gari unageuza uso kama vile kuna mtu anakudai amekaa ndani yake.

Mi naona hamu haiuawi na ubovu wa gari, inauawa na gari kusimama. Gari mbovu mbovu inayotembea mtu ataendelea kuipenda, na gari nzuri iliyowekwa juu ya mawe hata mwenyewe ataanza kuiita mzigo. Kwa hiyo hatua zote ntakazokupa leo lengo lake ni hilo moja, itembee.

Hatua ya kwanza, usifumue gari zima. Najua inatamanisha, unaanza na kiti kimoja, jioni bodi iko huku, injini kule, na skrubu zote kwenye kopo moja. Hapo ndo magari mengi yanafia. Chagua mfumo mmoja tu, breki, au umeme, au mafuta, fumua, tengeneza, rudisha, washa, endesha, ndo uhamie kwingine. Na kabla hujalegeza nati yoyote piga picha, moja ya mbali moja ya karibu, kila kinachotoka kiingie kwenye kimfuko chake umeandika kimetoka wapi, maana baada ya miezi miwili hutakumbuka chochote, usijidanganye.

Ukiniuliza uanzie wapi nakwambia breki na tairi, basi. Mafuta ya breki yanavuta unyevu wa hewani hata gari ikiwa imelala, kwa hiyo yanachemka mapema na yanaleta kutu ndani ya silinda, badilisha kila baada ya miaka 2 hivi hata kama hujaenda popote. Tairi nazo, sogea hapa uone, tafuta maandishi ya DOT ubavuni, namba 4 za mwisho, hii imeandikwa 2318, maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2018. Ukikuta namba 3 tu, hiyo tairi ni ya kabla ya mwaka 2000, hata kama kashata zake zinapendeza itoe.

Hatua ya pili ndo naipenda mwenyewe, tafuta kazi inayoanza na kuisha siku hiyo hiyo. Hamu inajengwa na vitu vilivyoisha. Mfano hii Volkswagen Beetle hapa tuseti tapeti, yaani turekebishe ile nafasi ndogo kati ya skrubu na valvu, vile vilango vya injini vinavyofunguka na kufunga, twende pamoja.

Injini lazima iwe ya baridi kabisa, iache ilale usiku kucha. Swichi imezimwa, gia huru, matairi yamewekewa kabari, na ukiinua gari weka stendi, usiingie chini ya gari iliyoshikwa na jeki peke yake, tafadhali. Sasa angalia, hiki kifuniko cha valvu kimeshikwa na waya mnene, ingiza bisibisi, sukuma waya chini, kinatoka. Oili kidogo itachuruzika, weka beseni. Rudi juu, toa kifuniko cha distribyuta, ile inayogawa umeme kwenye plagi, zungusha injini kwa nati ya puli mpaka rota, kile kinachozunguka ndani yake, iangalie kile kialama kwenye ukingo wa distribyuta na alama ya puli ikae sawa na maungio ya injini katikati. Hapo silinda ya 1 iko tayari, ni ya upande wa kulia, ile inayoelekea mbele ya gari.

Chukua fila, vile visahani vyembamba vya kupimia nafasi, kwenye injini nyingi za 1300 mpaka 1600 ni milimita 0.15, ila soma kitabu cha gari yako kwanza maana zingine zinatofautiana. Ipitishe kati ya skrubu na mkia wa valvu. Inatakiwa ipite huku unahisi inakwaruza kidogo, isigome, isiteleze tu. Ikigoma, legeza nati, rudisha skrubu nywele moja, shika skrubu isizunguke, kaza nati, pima tena, maana ukikaza mara nyingi inahama. Ukimaliza zungusha puli nusu duara kinyume na saa, unaenda ya 2, afu 3, afu 4. Weka gasketi mpya za vifuniko, funga.

Watu wanaogopa sana tapeti zinazolia, mi naogopa zilizonyamaza. Nafasi ikiisha valvu haikai vizuri kwenye kiti chake, haipoi, mwisho inaungua. Inayolia kidogo inakwambia ipo.

Hatua ya tatu, itembeze. Na simaanishi kuiwasha dakika tano imesimama hapo hapo halafu unazima unajisifu, hiyo inaharibu zaidi, maji yanabaki kwenye eksozi na kwenye oili bila kukauka. Toka nayo, mpaka injini yote ipate moto, nusu saa au zaidi. Betri ya volti 12 iliyojaa ikipumzika inasoma kama 12.6, ukiona inashuka shuka tafuta kinachoila. Na kama petroli yako ina ethanoli angalia mipira ya mafuta, ile ya zamani inalainika inapasuka, na petroli ikidondokea juu ya injini ya moto hapo hatuongelei hamu tena, tunaongelea moto.

Na ikikuzimikia njiani isikukatishe tamaa, hii kitu imezaliwa hivyo. Mwaka 1888 Bertha Benz alichukua gari ya mumewe na watoto wao wawili wa kiume akatoka Mannheim kwenda Pforzheim, zaidi ya kilomita 100, mrija wa mafuta ukaziba akauzibua kwa pini ya kofia, breki zikaisha akapigiliwa ngozi na fundi viatu. Akafika.

Hatua ya nne fupi, usikae peke yako. Tafuta wenye gari kama yako, ndo wanaojua spea gani ya gari nyingine inaingia. Na usione aibu eti gari yako si ya kifahari, FIVA, lile shirikisho la kimataifa la magari ya kale, wanahesabu kuanzia miaka 30 kama imetunzwa katika hali yake na si ya kwendea kazini kila siku. Beetle zenyewe zimetengenezwa zaidi ya milioni 21, ya mwisho ilitoka Puebla, Mexico, mwaka 2003, gari ya kawaida kabisa hii.

Sasa kama umefanya yote na bado huitaki, uza. Ila uza ikiwa inawaka na inatembea, na vile vimfuko vyenye majina pamoja na picha zote mpe mnunuzi, maana gari iliyofumuliwa inanunuliwa na mtu wa spea, itakatwa katwa, na ambayo iko nzima atakuja mtu wa kuiendesha.