Mapafu ya Makaka na Mapafu Yetu: Mhadhara kuhusu Primati na Virusi vya Mfumo wa Upumuaji

Ndugu Mwenyekiti, walimu wenzangu, wanafunzi na wageni waalikwa,

Nimeombwa nizungumzie matumizi ya primati, yaani sokwe, nyani, tumbili, makaka (kima ambao wengi wao huishi Asia) na jamaa zao, katika utafiti wa magonjwa ya virusi yanayoshambulia mfumo wa upumuaji. Mjadala wa jambo hili kwa kawaida huanzia na kuishia kwenye swali la kama ni halali kuwatumia wanyama hawa, na swali hilo nitaligusa. Lakini lipo swali linalolitangulia, ambalo tusipolijibu hatuna msingi wa kuhukumu uhalali wenyewe: mnyama huyu anatufundisha nini hasa, na nini hawezi kutufundisha? Kwa maoni yangu, undugu wake nasi hautoshi kuwa hoja. La kutazamwa ni namna kirusi fulani kinavyokutana na sehemu fulani ya mwili wake.

Nianze na RSV, kirusi ambacho kila daktari wa watoto anakifahamu kwa jinsi kinavyowabana pumzi watoto wachanga. Mwaka 1956 watafiti wa taasisi ya jeshi ya Walter Reed nchini Marekani waliripoti kwamba sokwe waliokuwa wakitunzwa katika maabara walipatwa na mafua, wakawa wanapiga chafya na kutokwa na makamasi, na kwamba wao watafiti walikuwa wamepata kwa sokwe hao kirusi kisichojulikana. Wakakiita kirusi cha mafua ya sokwe. Mfanyakazi mmoja wa maabara naye akaugua. Haukupita muda mrefu, mtafiti Robert Chanock na wenzake wakakipata kirusi hicho hicho kwa watoto wachanga wa Baltimore, mji wa Marekani, na leo hatuna shaka kwamba ni kirusi cha binadamu. Sokwe alikuwa ametuonyesha ugonjwa wetu wenyewe.

Miaka kumi baadaye, chanjo ya RSV iliyotengenezwa kwa kukiua kirusi kwa formalini, kemikali ya kuua viini, ilijaribiwa kwa watoto nchini humo. Matokeo yalikuwa mabaya mno: katika kundi moja, asilimia 80 ya watoto waliochanjwa kisha wakaambukizwa walilazwa hospitalini, ilhali kwa wale ambao hawakupata chanjo hiyo ilikuwa takribani asilimia 5, na watoto wawili walifariki. Kwa miaka mingi primati wamekuwa miongoni mwa wanyama waliotumika kuchunguza ni kwa nini chanjo iliyokusudiwa kukinga ilizidisha ugonjwa. Ugumu ni kwamba RSV huzaliana kwa uhaba katika mapafu ya makaka, na tumbili humzidi makaka kwa kiasi tu, hivyo mtafiti anaweza kusoma mwenendo wa kinga ya mwili kwa wanyama hao bila kuuona ugonjwa kamili wa mtoto.

Ugonjwa wa Uviko-19 ulilirudisha suala hili mezani kwa kishindo. Kirusi chake huingia katika seli kwa kushika protini iitwayo ACE2, na katika sehemu muhimu za mshiko huo protini ya nyani na kima wa Afrika na Asia, pamoja na ya sokwe, ni sawa kabisa na yetu, ilhali ya kima wa Amerika ina tofauti. Ndiyo maana makaka alichaguliwa mapema. Naomba tutazame kwa karibu namna alivyoambukizwa katika maabara ya Rocky Mountain, mjini Hamilton, Montana. Mnyama alilazwa kwa dawa ya usingizi. Kisha akamiminiwa mililita 4 za maji yenye virusi kwenye koromeo la hewa, 1 mdomoni, nusu katika kila tundu la pua, na robo katika kila jicho. Hakuna abiria wa matatu anayeambukizwa hivyo. Hata baada ya kipimo hicho kikubwa, makaka wengi walipata homa ya mapafu ya wastani wakapona ndani ya wiki mbili tatu, na hali ya mgonjwa anayehitaji mashine ya kupumulia haikuonekana.

Sasa tazameni walichotufundisha hata hivyo. Mei 2020 ilitangazwa taarifa ya makaka 6 waliopewa dozi moja ya chanjo ya Oxford, ile ile iliyofika Nairobi Machi 2021 kupitia COVAX, mpango wa kimataifa wa kugawa chanjo. Mapafu yao yalisalimika na homa ya mapafu, lakini vipimo vya pua vilionyesha virusi kwa kiwango kisichotofautiana na cha wale wasiokingwa. Wakosoaji walisema chanjo imeshindwa; wenye matumaini walisema imefaulu. Nadhani pande zote mbili zilisoma nusu ya jibu. Yaliyotokea kwa watu baadaye yalifanana sana na kile makaka walichoonyesha: aliyechanjwa alikingwa vizuri dhidi ya kulazwa na kufa, na bado aliweza kuambukizwa na kuambukiza. Laiti matokeo ya pua yangeelezwa kwa umma kwa uzito ule ule wa matokeo ya mapafu, huenda manung'uniko ya baadaye kwamba "nimechanjwa na bado nimeugua" yangepungua.

Kuhusu uhalali, nitasema machache. Mwaka 2007 ilichapishwa kazi ya makaka walioambukizwa kirusi cha homa ya mafua ya 1918 kilichoundwa upya. Walikusudiwa kufuatiliwa kwa siku 21, lakini hali ilikuwa mbaya kiasi kwamba ilibidi wauawe siku ya 8. Kazi ya namna hiyo inahitaji swali ambalo halijibiki kwa njia nyingine. Marekani iliacha kugharimia utafiti wa kitabibu kwa sokwe mwaka 2015, na naona ilifanya vyema.

Lakini virusi havikuwaacha sokwe. Mwaka 2013, katika msitu wa Kibale nchini Uganda, sokwe 5 katika jamii ya 56 walikufa kwa ugonjwa wa kifua. Mmoja alikuwa mtoto wa miaka miwili, ambaye mzoga wake ulipatikana mapema ukapasuliwa, na ndani yake kikakutwa kirusi cha rhinovirus C, kinachohusishwa kwa watoto wetu na mashambulizi ya pumu. Sokwe wote waliopimwa walikuwa na umbo lile la CDHR3, kipokezi ambacho kirusi hicho hukishika ili kuingia katika seli, ambalo kwa binadamu huongeza hatari ya ugonjwa huo. Huko Mahale, Tanzania, sokwe walikuwa wameshaugua kifua mwaka 2006. Mtafiti anayetaka kuelewa ugonjwa huo ndani ya mwili mzima sasa hutegemea kinyesi kinachookotwa msituni na mizoga michache, na sharti la kwanza la kazi yake ni kutowaletea ugonjwa wale anaowachunguza: barakoa, umbali wa kutosha, na kumzuia mgeni mwenye mafua hata akiwa amekwisha kulipia kibali.

Asanteni kwa kunisikiliza. Nipo tayari kwa maswali.