Tairi libadilishwe kabla ya masika: mazungumzo na madereva wa bodaboda, Morogoro

Mwenyekiti wa kijiwe, wazee wetu, shikamooni. Vijana wenzangu, habari za asubuhi. Najua kila saa mnayokaa hapa inatoka kwenye hesabu ya bosi, kwa hiyo salamu zangu ni hizo hizo.

Leo tuko Februari. Masika yako mlangoni. Mvua ikianza kushuka kutoka Uluguru, njia hizi za Bigwa, Kihonda na Mzumbe tunazozijua kwa kufumba macho zitakuwa njia nyingine. Na mvua mbaya kuliko zote ni ile ya kwanza. Kiangazi chote lami imekusanya oili, dizeli na vumbi. Maji yakiigusa tu, uchafu ule unapanda juu na kuwa utelezi. Mvua kubwa mbili tatu zikipita, lami inaoshwa, inakuwa afadhali. Lakini siku ile ya kwanza ndiyo inayotukuta na tairi kipara, kwa sababu wakati wa jua kipara hakikutusumbua.

Mimi ilinikuta. Nilikuwa na mwaka wa tatu barabarani, nimembeba mtoto wa darasa la pili nampeleka shule. Tairi la nyuma lilikuwa limeisha na nilijua. Nilikuwa nimejua kwa wiki mbili, nasema ngoja nimalize hesabu ya wiki hii. Mvua ikanyesha alfajiri. Kwenye kona nikakanyaga breki, nyuma ikateleza ikataka kupita mbele, tukalala wote wawili. Mtoto alichubuka goti na kiwiko, hakuvunjika, namshukuru Mungu. Nikamrudisha kwao mwenyewe, nikasimama mbele ya mama yake. Hakunitukana. Alimpokea mwanawe, akamfuta tope usoni kwa kanga, basi. Tangu siku hiyo tairi langu hubadilishwa Februari, nyumbani, Jumapili, chini ya mwembe.

Mtaniuliza, kwa nini nyumbani wakati fundi pancha yupo kila kona? Mafundi pancha ni ndugu zangu, kazi hiyo imenilisha miaka. Lakini fundi ana foleni, na wewe uliyesimama kichwani kwake unamhimiza, abiria anakupigia simu. Haraka hiyo ndiyo inayokata tyubu. Nyumbani hakuna anayekuhimiza. Na ukishalitoa tairi kwa mkono wako mwenyewe mara moja, siku likikuishia upepo saa tatu usiku kwenye njia ya Matombo, hutaanza kujifunza gizani.

Tuanze na tairi lenyewe. Hili nalipitisha, mlishike. Tazameni katikati ya mifereji, kule chini kabisa: kuna vinundu vidogo vya mpira vinavyokatisha mfereji. Kashata, yaani matuta ya tairi yanayokanyaga barabara, ikishalingana na vinundu hivyo, tairi limekwisha, hata kama pembeni bado linaonekana zima. Kwetu wabeba abiria katikati ndiko kunakoisha kwanza, maana tunakwenda moja kwa moja na mzigo mgongoni. Sasa geuzeni ubavuni. Mnaona namba 3.00-17? Tatu ni upana wa tairi kwa inchi, 17 ni kipimo cha ringi kutoka ukingo hadi ukingo, inchi pia. Pikipiki nyingine zinavaa 18, na dukani yanafanana sana, kwa hiyo soma la zamani kabla hujalipia jipya. Pembeni pake kuna 50P. Hiyo 50 ni uwezo wa kubeba: kilo 190 kwa tairi hilo moja. Wanaobeba magunia mawili ya mkaa kutoka Mikese, naomba mkae na namba hiyo kichwani.

Halafu tafuteni tarakimu nne ndani ya kiduara kirefu. Hili limeandikwa 2316. Maana yake limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2016. Halijawahi kuvaliwa, lilikuwa limening'inia dukani juani, kashata zote zipo. Likunje kidogo kwa vidole, hapo ubavuni. Mnaziona nyufa, kama udongo wa mbuga uliokauka? Mpira umezeeka. Muuzaji aliapa kwamba ni jipya, na kweli halijatembea hata mita. Msinunue tairi bila kusoma tarakimu hizo nne.

Sasa kazi yenyewe. Pikipiki juu ya stendi kubwa, sehemu ngumu, si kwenye mchanga. Kabla ya kulegeza nati ya ekseli, piga picha kwa simu: bushi ipi iko upande upi, alama za cheni ziko mstari wa ngapi. Gurudumu likishatoka, toa pini ya vali, ile ndogo ya ndani inayozuia upepo, upepo wote utoke. Wote. Kisha simama juu ya tairi kwa visigino, zunguka nalo, mpaka ukingo ubanduke kwenye ringi pande zote mbili.

Hapa ndipo nataka tukae. Ringi hii nimeikata kwa msumeno ili muone tumbo lake. Pembeni kuna mabega mawili, ndiko ukingo wa tairi unakokaa ukiwa na upepo. Katikati kuna bonde. Ndani ya ukingo wa tairi kuna waya, na waya hautanuki hata mngekuwa wanaume kumi. Basi tairi linatokaje? Linatoka kwa sababu ya bonde. Upande mmoja ukishuka bondeni, upande wa pili unapata nafasi ya kuvuka mdomo wa ringi. Ukiona unatoka jasho, liva, kile chuma cha kutolea tairi, inapinda, ujue upande wa pili umepanda begani. Simama. Usiongeze nguvu. Piga goti ule upande wa mbali, usukume urudi bondeni, halafu jaribu tena. Utashangaa mkono mmoja unatosha. Nimefanya kazi hii kwa nguvu miaka miwili kabla mzee mmoja hajaniwekea kidole kwenye bonde hili.

Liva zenyewe ziwe fupi na mdomo wa mviringo. Bisibisi hapana. Tyubu hii ilikatwa na bisibisi, pitisha vidole muone: kijeraha cha nusu mwezi, kidogo kama ukucha wa mtoto. Hakitoi upepo siku hiyo. Kinasubiri joto na abiria. Na hii nyingine ina matundu mawili sambamba, kama meno ya nyoka. Hiyo haikuguswa na chuma chochote. Ilibanwa kati ya ringi na shimo la barabarani, kwa sababu ilikuwa na upepo mdogo.

Tairi jipya, tyubu mpya. Tyubu ya zamani imeshatanuka, ukiikunja ndani ya tairi bichi inafanya mikunjo, na mkunjo unajisugua mpaka unatoboka. Kabla hujaiweka, pitisha kitambaa ndani ya ringi. Kikinasa, kuna kichwa cha spoki kimechomoza, kisage kwa tupa na urudishe utepe wa mpira juu yake. Tazama mshale ubavuni mwa tairi uelekee mbele. Likiwa na kidoa cha rangi, kiweke usawa wa vali. Tyubu iingie na upepo kidogo tu, wa kuipa umbo. Pakaa ukingoni sabuni ya maji iliyochanganywa na maji. Oili chafu msipake, inakula mpira. Anza kuvalisha mkabala wa vali na umalizie kwenye vali. Ukifika hapo, isukume vali ndani kwanza ili tyubu isibanwe, kisha ivute nje.

Jaza upepo taratibu. Ubavuni, karibu na ringi, kuna mstari mwembamba unaozunguka tairi. Uwe umelingana na ringi pande zote. Ukizama sehemu moja, toa upepo, ongeza sabuni, jaza tena. Na ile nati ndogo ya vali msiikaze kwenye ringi. Iacheni juu, karibu na kofia. Tyubu ikihama kidogo, vali italala upande mmoja na utaiona asubuhi. Ukiikaza, inakatika shingoni na hakuna kiraka kinachoponya hapo.

Kurudisha gurudumu mnakujua. Alama za cheni zilingane kulia na kushoto, mkono wa breki ufungwe na pini yake irudi. Kanyaga breki mara kadhaa kabla hujaondoka. Upepo mpime asubuhi tairi likiwa baridi: pikipiki zetu nyingi ni PSI 25 mbele, nyuma 28 ukiwa peke yako na 32 ukiwa na abiria, ila fuata kilichoandikwa kwenye pikipiki yako. Kupima kwa teke hapana. Nunueni geji moja ya kijiwe, ikae kwa mwenyekiti. Na kilomita 100 za mwanzo nenda polepole, kona usilale, maana tairi bichi lina utelezi wa kiwandani ambao haujasuguliwa.

Maneno yangu ni hayo. Gurudumu lile pale limewekwa makusudi, liva mbili, sabuni ipo kwenye ndoo. Wewe mdogo wangu wa mbele, uliyesema hujawahi kutoa tairi, njoo. Vua koti. Sisi wengine tunasogea tuone, na mtu asimshikie liva. Kwanza pini ya vali.